Michezo Mitatu Niliyokutungia

Mzee Walter,

Nilikudanganya. Nimejaribu kuanza na salamu, lakini kila nikianza hivyo naona nakwepa, kwa hiyo nimeona niliseme hili kwanza.

Uliponipigia simu kutoka hospitali ukauliza, "Unacheza leo?" nilijibu ndiyo. Sikuwa na timu, Mzee. Wiki mbili kabla, meneja alikuwa ameniita ofisini akafunga mlango taratibu, na mtu aliyepitia timu tisa anajua mlango ukifungwa vile maana yake nini. Nikapakia glovu na viatu kwenye gari, nikaendesha hadi Springfield kwa dada yangu, nikalala kwenye sofa lake. Ulipopiga nilikuwa hapo hapo, nimeshika rimoti.

"Nafasi gani?" ukauliza.

"Kituo cha pili."

Ukasema, "Basi nitafurahi mno kusikia matokeo."

Nani mwingine husema hivyo? Mama yangu alikuwa akituambia, "Ule muzee anasemaka Kiswahili ya Biblia." Tulikuwa na miezi michache tu hapa Marekani, Silver Spring, tangu tutoke Uvira. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Kiingereza changu hakikufika maneno ishirini. Wewe ulikuwa dereva wa basi la mjini, na kila Jumamosi uliwafundisha watoto wa mtaa besiboli. Ulinisikia nikiongea na dada yangu kando ya wavu, ukaja ukasema, "Hujambo, kijana?" Nilidhani nimesikia vibaya. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapa hapa, anasema lugha yangu kwa ufasaha kunizidi, na alijifunza darasani ukubwani.

Kiswahili chako hakikuwa na maneno ya besiboli, ikabidi tuyatunge. Zile sehemu nne anazozikimbilia mchezaji ukaziita vituo, kama vya basi lako. Mimi ukaniweka karibu na kituo cha pili, nidake mipira inayokuja chini chini na kuirusha kabla mkimbiaji hajafika. "Miguu kwanza," ulikuwa ukisema. "Mikono itafuata."

Kazi hiyo niliifanya kwa malipo miaka kumi na miwili. Wengine walinihurumia, wewe hukunihurumia hata siku moja. Timu hii inaniuza, ile inanichukua kwa muda, mwenye nafasi akiumia naitwa, akipona narudishwa daraja la chini, kwenye safari za saa tisa ndani ya basi na vyumba vya kulala wawili wawili. Ligi kuu nilikaa siku tisa. Ulipanda ndege umevaa suti kuja kuniona. Waliniingiza mwishoni kabisa, mpira mmoja ukanijia, nikaudaka, nikaurusha, mkimbiaji akatolewa. Sikupata hata zamu ya kupiga. Ulinisubiri getini karibu saa nzima, ukanishika mabega ukasema, "Ulikanyaga vizuri." Sifa nyingine niliyoiamini kama hiyo sijaipata.

Sasa ningekuambiaje kwamba imekwisha, nawe una mirija puani? Nikakutungia mchezo. Kesho yake ukapiga tena, nikakutungia wa pili, nikatia na mvua ili usitilie shaka. Kwenye wa tatu nilijirusha nikadaka mpira kifudifudi, ukacheka mpaka ukakohoa, nesi akakunyang'anya simu.

Ubaya wake sikuuona mapema. Kutoka kwenye lile sofa hadi hospitalini kwako ilikuwa nusu saa kwa gari. Lakini nilishakuambia niko jimbo jingine, nacheza. Ningeingiaje chumbani kwako? Nikajipangia kuja Jumapili, niseme nimepewa mapumziko. Ukafariki Alhamisi.

Mazishini watu walinipa pole ya safari ndefu. Nikaitikia. Hata hiyo niliitikia.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkeo, Mama Lorraine, nikamweleza yote jikoni kwenu. Alizima jiko, akakaa. Aliyosema kwa Kiingereza nayaweka kwa lugha yetu mimi na wewe: "Kila mtu alipoingia chumbani mwake, Walter aligeuza kichwa kuangalia ni nani. Siwezi kukuambia kwamba hakukungoja." Nililia pale mezani. Hakunizuia wala hakunigusa. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Kesho wanakuja kuchukua kile kitanda cha wagonjwa tulichokodi ili aje augulie nyumbani. Njoo unisaidie."

Nikaenda, na tangu siku hiyo naenda kila Jumamosi. Hatuongei sana. Nimeziba bomba lililokuwa linavuja, nimekata majani, tumezigawa nguo zako, isipokuwa ile suti, ambayo aliirudisha kabatini. Siku hizi huniwekea chakula cha kubeba. Sijui kama amenisamehe, sijamuuliza.

Nimepata kazi Sterling, kwenye yale majengo makubwa ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege. Naangalia mitambo ya kupoza. Meneja wa timu moja alinipigia, anatafuta mchezaji wa kiangazi kimoja tu. Nilimwambia magoti yangu hayafai tena, na nikashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kulisema. Kwako ndiko kulikonishinda. Nilidhani ulimpenda mchezaji, kwamba akiondoka yeye sitabaki na cha kukuletea. Ulikuwa hujui hata jina langu uliponisalimia pale kwenye wavu. Hilo nimelifikiria nikiwa nimechelewa, Mzee, na linauma.

Jumatatu Mama Lorraine anafanyiwa upasuaji wa jicho. Nimeomba ruhusa kazini na nimewaambia sababu yenyewe. Nitampeleka asubuhi, nitakaa naye mpaka daktari amruhusu. Na wewe nakuahidi hivi: mtu wangu akiugua tena, nitakwenda nilivyo, hata kama sina habari hata moja ya kumfurahisha.

Pumzika, mwalimu wangu. Aksanti kwa maneno yote uliyonitungia.

Espoir