Jina Nililompa Ifrah

Elwak,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu Dekha,

Assalamu alaykum warahmatullah. Kabla ya yote nieleze mguu wako. Aliyekuja na basi kutoka Garissa juzi aliniambia alikuona huko Iftin ukitembea bila fimbo, lakini nakujua, wewe hujifanya mzima mbele za watu kisha ukaingia ndani ukagumia. Kunywa dawa, abaayo, dada yangu, usisubiri kubembelezwa. Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi. Mvua imepiga mara mbili, vumbi limetulia, na ngamia wa mume wangu wamerudi karibu na mji, kwa hiyo maziwa yapo. Duka langu la madera na shash za kichwani linakwenda. Sumaya wangu sasa ananipita kwa urefu na hachoki kunikumbusha.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu iko mkononi. Ujumbe wa sauti husikiwa na nyumba nzima, na mama mkwe wangu anaisikiliza simu yangu kuliko mimi mwenyewe. Wewe ulipokuwa shule ya bweni Masalani nami niko nyumbani, Kiswahili cha kuandika ndicho kilichotusaidia kuambiana mambo ambayo hooyo, mama yetu, hakutakiwa kuyajua. Leo tena nina jambo la namna hiyo.

Mara ya mwisho uliniuliza kama bado nashikilia kwamba muziki wa siku hizi umekufa. Ulinicheka, ukasema binti zako wanaucheza kila siku na bado wako hai. Nilikukatia simu. Nilisema ni mtandao, lakini nilikata mwenyewe, unisamehe. Nilikasirika kwa sababu wewe ulikuwepo. Ulishika ngoma nilipokuwa natumbuiza buraanbur, tungo zetu za wanawake, kwenye harusi za Garissa, unajua jinsi nilivyotunga siku tatu nzima ili kila mstari uwe na neno linaloanza na herufi ileile, toka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mtu anarudia neno moja mpaka masikio yanachoka, mashine inamnyooshea sauti, mdundo ni uleule kwa bibi harusi wa Wajir na wa Mandera, na anaitwa msanii. Hayo nimeyasema dukani, nimeyasema msibani, nimemwambia hata dereva wa lori. Sasa nikuambie lililokuwa nyuma yake.

Kuna msichana hapa anaitwa Ifrah. Mama yake anauza maziwa ya ngamia sokoni. Ana spika mbili, kinanda na simu, na tangu mwaka jana harusi zote za Elwak ni zake. Zamani mwanamke akija dukani kwangu kuchagua shash za harusi, hapohapo ananiomba nije kuimba. Sasa wanachagua shash, wananiuliza bei, halafu mbele yangu wanampigia Ifrah. Nilimwonea wivu, Dekha. Sitafuti neno la kulainisha. Nilikuwa nikisikia spika zake mtaa wa pili chakula kinanishinda.

Kisha mtoto wa shemeji yangu akapata mchumba. Hamdi, ambaye nilimlea mgongoni. Nikasema hii haiwezi kunipita, hata kama ni siku ya saba tu, ile ya kumfunika bibi harusi shash ya mke wa mtu. Nikaanza kutunga bila kuulizwa. Hamdi akaja mwenyewe, akakaa kwenye marobota ya nguo, akasema, "Eddo, shangazi yangu, usikasirike. Zile zako ni tamu, wallahi, lakini ni za kina mama. Sisi tunataka kudansi. Tumeita Ifrah."

"Sawa," nikamwambia. "Ni harusi yako."

Siku mbili baadaye Ifrah akaja. Unajua desturi, mwimbaji hawezi kumsifu bibi harusi bila kutaja mababu zake, na majina hayo huombwa kwa mwanamke mkubwa wa nyumba ile anayeyajua. Nilidhani watoto wa mashine hawajui mambo hayo. Alivua viatu mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwa wazi, akasema, "Eddo, nipe majina. Nataka kuyaimba kama wewe ulivyokuwa ukiimba."

Hilo "ulivyokuwa" liliniingia vibaya. Nikaanza kumtajia naye anaandika kwenye simu. Baba, babu, baba wa babu. Nilipofika kwa babu wa nne, Abdille, badala yake nikamtajia Guled, mdogo wake. Sikuteleza ulimi. Nilimtazama akiliandika, akaniuliza, "Guled, sivyo?" nikamwambia ndiye.

Wewe huna haja ya kuelezwa maana yake. Wa Abdille ni sisi wa nyumba hii ya mume wangu, wa Guled ni wale wa upande wa pili wa kisima, na wazee wa nyumba hizo mbili hawajamaliza maneno yao mpaka leo. Nilimtoa Hamdi nyumbani kwa baba yake nikamweka kwa watu wengine, siku ya harusi yake.

Siku ya saba nilikaa mbele kabisa, kama mwenye furaha. Ifrah alizima mashine zake zote, abaayo. Akachukua ngoma tu. Nilikuwa nahesabu mistari nikimsubiri aangushe herufi, na hakuiangusha. Sauti yake ilikuwa yake, kavu kidogo, na ilikwenda moja kwa moja ilikotaka kwenda. Wanawake walisimama wote, hata bibi wa Hamdi, huyu mama mkwe wangu, ambaye huinuliwa na watu wawili. Nilitamani afe, Mungu anisamehe, na wakati huohuo viganja vyangu vilikuwa vinampigia makofi.

Halafu akafika kwa Guled.

Makofi yalikatika. Bibi wa Hamdi akauliza kwa sauti, "Nani amemtoa mtoto wangu kwetu?" Hamdi akaanza kulia chini ya shash. Mtu akasema msichana amelipwa na wa kule kisimani, mwingine akataka afunge vitu vyake aondoke. Mama Hamdi akamuuliza nani alimpa majina. Mimi nilikuwa hapo, hatua tatu kutoka kwake. Ifrah hata hakunitazama. Akasema, "Niliandika vibaya mwenyewe. Nisameheni," akakusanya nyaya zake. Nami, dada yangu, nikanywa chai.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita. Alhamisi wamekuja watu wa harusi nyingine, wamechagua shash, wakasema, "Eddo Halima, njoo utuimbie wewe, wewe hukosei." Nililitaka neno hilo mwaka mzima. Nilipolipata nilishindwa kukunja kitambaa.

Jana nimekwenda kwao. Alikuwa anaosha madumu ya maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu, lakini yeye alinitangulia, akaniomba radhi mimi, kwa kuniaibisha katika nyumba ya wakwe zangu. Akasema mama yake anamjua bibi wa Hamdi kwa sababu ya maziwa, na asubuhi ya siku ile ya saba mama huyo alimsahihisha yeye kwamba ni Abdille, si Guled. "Tukagombana," akasema. "Nikamwambia hooyo, wewe ndiye umekosea. Eddo Halima hawezi kukosea jina."

Nikamwambia yote, nimesimama pale kwenye matope ya maji ya kuoshea madumu. Aliacha kuosha. Mbuzi wakaja wakanywa maji ya ndoo na hakuwafukuza. Kisha akaniuliza, "Ni kwa sababu naimba vibaya?"

Nikasema, "Hapana. Ni kwa sababu unaimba vizuri."

Akainamia madumu yake tena. Nikatoka hapo nikaenda kwa bibi wa Hamdi nikamwambia na yeye, na leo nyumba hii haisemi nami isipokuwa Sumaya, ambaye ananiletea chai na kugeuza uso. Wale wa Alhamisi nimewaambia wamrudie Ifrah, na akitaka mtu wa kumtajia majina nitakuja nimtajie mbele ya watu wote. Nimemtumia ujumbe wa kumwambia hivyo. Ameusoma. Hajajibu.

Nisalimie mumeo na binti zako, nisalimie mjomba wetu abti wa mifugo na habaryar, mama yetu mdogo anayeuza uji karibu na msikiti, na yule jirani yako mshonaji mwambie vitambaa vyake nimempa mwenye basi pamoja na barua hii. Ukimaliza kuisoma ichome. Na binti zako wakiwasha muziki wao usiwaambie mama mdogo wao alisemaje kuuhusu, waache wacheze.

Mimi mdogo wako, ambaye bado ana wivu hata leo asubuhi,

Halima