Wamemzika Mke Wangu Bustanini

Swahiba, ngoja nikusimulie. Yule mpwa wangu mwenye kikundi cha maigizo ya nyimbo kanialika bustanini, kanikalisha mbele kabisa, juani, karibu yake.

Akatokea jukwaani mzee mmoja anachechemea, sanduku kalifunga kamba. Nikacheka mpaka machozi.

Kumbe ni mimi! Mguu wangu, sanduku langu, mimi, bwana!

Halafu akaimba jinsi nilivyoyakosa mazishi ya mke wangu. Siri niliyomwambia mpwa peke yake, chumbani kwake, huku nalia. Kaitia ngoma na vichekesho!

Watu wakapiga kelele, “Tena! Tena!”

Wakamzika tena, swahiba.

Mpwa akaninong'oneza, “Mjomba, unaona wanavyokupenda?”

Nikapiga makofi. Wote walikuwa wanapiga, ningefanyaje?