Usifumue Pindo la Gauni

Turffontein, Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi hali yako, na vipi hilo jicho? Hamisi ameniambia kwa simu kwamba sasa unawatambua watu kwa sauti, na juzi ulimwita mtoto wa jirani shemeji. Nilicheka, Mama, kisha nikalia.

Mimi mwili mzima. Moyo ndio umechafuka.

Unajua kando ya kazi ya cherehani nilikuwa natuma pesa za watu. Mtu ananipa randi hapa, Hamisi mwanao anamlipa ndugu wa mtu huyo hapo Tanga dukani, nami kwa randi zile namnunulia Hamisi viatu vya kuuza. Mpokeaji akifika anaulizwa jina la bibi yake mzaa mama. Likilingana na nililoambiwa huku, anapewa chake.

Sasa serikali ya hapa haitaki mtu atume pesa nje bila leseni. Nikasema vema, nitaiomba, nimechoka kujificha. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani tukienda kwa mtendaji: nikaenda na wadhamini. Nikavaa gauni langu la Idi, nikawachukua wateja watano hadi ofisi ya leseni huko Marshalltown waje kunisemea.

Mama Furaha, msusi Mkongo tunayepakana naye vyumba, hakungoja kuulizwa.

"Huyu mama ni mutu wa kweli," akasema. "Anatumaka feza yetu kila mwezi, hajakulaka hata kidogo."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamtafsiria afisa kwa Kiingereza, tena kwa maringo!

Afisa akaweka kalamu chini. "Eish, mama. Kwa hiyo kazi hii unaifanya sasa hivi, bila leseni?"

Wadhamini wangu wote wakaangalia viatu vyao.

Hakuita polisi, Mungu ambariki. Ila alinieleza leseni inataka nini: kampuni iliyosajiliwa, mtaji benki, mtu wa kuajiriwa kazi yake kuangalia sheria tu, na kitambulisho na anwani ya kila mteja. Nikamwambia hawa nawajua mpaka bibi zao. Akasema bibi hawamo kwenye sheria. Asiyekujua hakuthamini. Nimekasirika, Mama, sikufichi. Najua wapo wezi wanaokimbia na pesa za watu, lakini mbona dawa ya mwizi nainywa mimi? Tangu lini fundi cherehani akawa na mtaji benki? Akanionya niache siku ile ile, la sivyo nitakamatwa na kurudishwa.

Nikaacha. Pesa ya kupasuliwa jicho lako nikaipeleka kwenye dirisha lenye leseni, pale karibu na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Binti akakitazama kibali changu cha kuishi. Muda wake umekwisha, na kipya kila nikiuliza naambiwa kinakuja. "Pole, mama, kompyuta inakukataa," akasema. Wadhamini wangu nao karatasi zao ni kama yangu, hakuna wa kunitumia. Mimi niliyewatumia mama za watu, mama yangu mwenyewe nimeshindwa kumtumia!

Tafadhali mwombe daktari asilitoe jina lako kwenye orodha ya upasuaji. Kibali kikitoka tu, nitakuwa dirishani kabla halijafunguliwa. Na umkataze Hamisi kuuza friji la duka ili akulipie, maana nakijua kichwa chake.

Barua anakuletea Shabani, yule jirani yetu wa zamani, anayerudi kwa basi. Pesa amekataa kubeba, safari iliyopita mpakani walimpekua hadi soksi. Amekubali gauni tu.

Nisalimie mke wa Hamisi na wanawe, na shangazi anayekupikia. Mjomba mwambie koti lake linakuja.

Gauni nimelishona mwenyewe, pana kiunoni kama upendavyo. Najua utalipapasa pindo kwa vidole, kama zamani kabla ya duka la Hamisi, nilipokuwa nikikushonea noti ndani. Usihangaike kutafuta wembe, Mama. Safari hii ni uzi mtupu.

Mwanao akupendaye,
Zaituni