Mikebe Uliyoisugua

Mami,

Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya jikoni, na karatasi ninayoandikia ni ya tangazo la kanjo. Nimeigeuza upande mweupe. Zimebaki tele kwenye mkoba wangu wa kazi, sikuona sababu ya kununua nyingine. Najua ungesema nini. Ungesema Njoki ni bahili mpaka kwa wafu.

Miezi saba imepita. Migomba iliyokuwa ikinywa maji yako ya kuoshea vyombo nimeikata yote, na Bwana Mutua, yule afisa wa afya wa Thika, ameniambia nisipande kitu hapo kwa muda. Kuku sijanunua. Kahawa ya Baba imemezwa na magugu na sina moyo wa kuigusa. Kanisani, mahali pako pamekaliwa na mtu mwingine, mwanamke mzuri tu, na mimi namchukia kila Jumapili. Na Mama Halima, wa lile duka la Witeithie, ameacha kuuza waya za kusugulia sufuria. Nitafika hapo. Ndilo jambo lililonileta kwenye kigoda hiki.

Unakumbuka mvua ya El Nino ilivyoingia ghalani, mikebe ya dawa ya kahawa aliyoiacha Baba ikaelea kama bata. Hatukuwa peke yetu. Kila nyumba ilikuwa na akiba yake ya sumu, ya kahawa, ya kupe, ya panya, na betri zilizovuja. Wengine walizika shambani, wengine walitupa mtoni, na mto wetu watu wengine wanaunywa huko chini. Ndipo kanjo mbili, halmashauri ya Thika na ya Ruiru, zikashikana mikono. Ruiru walikuwa na lori, Thika walikuwa na stoo yenye sakafu ya simiti na kufuli, na akatakiwa mtu wa kuzunguka na kipaza sauti kuwaelimisha watu. Wakanichukua mimi karani, kwa sababu ya huu mdomo. Ulifurahi kuliko siku niliyomaliza shule. Uliwaambia wote sokoni kwamba binti yako sasa ni sauti ya kanjo mbili.

Karatasi hii ina mistari mitano. Wa tatu unasema: Msifungue wala kuosha chombo chochote, kileteni kilivyo. Siku ya baraza pale Theta nilisoma wa kwanza na wa pili, nikaona watu wanapiga miayo, nikaikunja na kuanza kuongea kutoka kichwani. Ukainua mkono. Wewe, katikati ya wanawake wenzako, na kile kitambaa chako cha kijani kichwani. Ukauliza, "Sasa, madam wa kanjo, tuvilete vile viko, na uchafu wote?" Watu wakacheka ulivyoniita madam. Nami nikataka wacheke zaidi. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mama Njoki ndiye anauliza, na yeye huosha hata kuni? Leteni vizuri, msituaibishe mbele ya watu wa Ruiru."

Baraza zima likaangua kicheko. Na wewe ulicheka. Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo, lakini wangu haukuponza kichwa changu.

Hukuwahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kichafu. Nikiwa na miaka minane ulinichapa kwa kurudisha sufuria ya jirani ikiwa na ukoko. "Chombo kinaenda na jina la nyumba," ulisema. Basi Ijumaa ile, siku moja kabla ya lori kuja kukusanya, kwa kuwa kwetu ni karibu na barabara, majirani walikuletea mikebe yao, na ukaona haiwezi kutoka kwako na utando. Uliketi hapa. Maji moto, jivu, waya mpya. Ulikwangua dawa iliyogandamana tangu Baba akiwa hai, mikono mitupu, leso imelowa mapajani, mpaka jua likaanza kushuka. Hayo niliyajua baadaye, kwa kuona beseni na kwa kuulizauliza.

Jumamosi asubuhi nilikuja na lori. Kabla sijakuona wewe niliiona mikebe. Ulikuwa umeipanga ukingoni mwa barabara, mikubwa nyuma, midogo mbele, kama watoto wa shule ya Jumapili wanaopigwa picha, inang'aa kwenye jua. Na nilifurahi, Mami. Hilo ndilo linalonikaba. Bwana Mutua alishuka, akaitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ameosha hizi?" Nikajibu kwa majivuno, "Ni mama yangu." Akaanza kukimbia kuelekea nyumbani. Mimi bado nilikuwa natabasamu.

Ulikuwa kitandani, umelowa jasho, mate yanakutoka, nyama za mikono zinacheza zenyewe. Kuku wako walikuwa wamelala chini ya migomba na hakuna aliyekuwa hai. Tulikupeleka kwa lori lile lile. Daktari akauliza ulikunywa nini. Nikasema hakunywa, aliosha. Akaniuliza tena polepole, kana kwamba sikuelewa swali. Walijitahidi, nisiwasingizie. Ulifariki kabla ya saa nane mchana. Mkono wako ulikuwa bado unanuka dawa na nesi akanikataza kuushika bila glavu. Niliushika.

Kwenye matanga watu walisema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, na nilikuwa nimeikunja mfukoni.

Siku chache baada ya mazishi Bwana Mutua aliniuliza kama niliusoma ule mstari wa tatu. Alikuwa na kalamu mkononi. Nikasema ndiyo. Sijui kama niliogopa kazi au niliogopa macho yake, pengine vyote, lakini nilisema ndiyo, na kwa sababu aliniamini akaandika kwenye ripoti kwamba marehemu alionywa asioshe vyombo, akakaidi. Akakaidi. Wewe uliyekuwa ukifuata hata maagizo ya pakiti ya unga.

Tangu hapo mafunzo yote yanaanza na wewe. "Kuna mama mmoja wa Theta, aliambiwa, hakusikia." Jina hawalitaji. Wanawake hutikisa vichwa wakisikitika, wengine huguna, na kuna mzee mmoja huko Juja alisema kwa sauti kwamba masikio yakizidi kimo cha kichwa ndiyo hayo. Mimi nilikuwa ndani ya lori, dirisha wazi. Nilikuwa nahesabiwa mfiwa, kwa hiyo hawakunipa kipaza sauti, na hakuna aliyeshangaa kwamba nilinyamaza. Waliokuwa kwenye baraza letu wanakumbuka kicheko tu, au wanakumbuka zaidi na wananihurumia. Hakuna aliyekwenda kwa Bwana Mutua.

Mwezi huu niliingia kwa Mama Halima kununua sabuni, nikaona ule msumari wa kutundikia waya ni mtupu. Akaniambia ameacha tangu ulipoondoka. "Alisema ni za vyombo vya kanjo, nikamchagulia zile kali. Njoki, mimi ndio nimeua rafiki yangu." Alilia mbele ya wateja. Mwanamke huyo alikuja kwenye mazishi yako na sufuria ya pilau na akakaa mpaka udongo wa mwisho, ilhali nyimbo zetu hazijui. Nikamwambia kosa si lake. Akaniuliza, "Basi ni la nani?" Nilichukua sabuni yangu nikatoka.

Nilikaa na hilo swali siku tisa. Jana, Alhamisi, nilienda ofisini kwa Bwana Mutua nikamwambia sikuusoma ule mstari. Nikamwambia ulivyouliza, na nilivyokujibu, neno kwa neno. Alivua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Akasema ripoti itarekebishwa, na Jumatatu barua itaenda kwa wakubwa wa pande zote mbili, na huenda kazi ikaishia hapo. Halafu akasema, "Kesho kutwa ni baraza la Gatongora, upande wa Ruiru. Utasema wewe, ama niseme mimi?" Nikasema nitasema mimi. Kutoka hapo nikapitia Witeithie. Mama Halima hakunikumbatia. Aliniangalia sana, akasema, "Ungeniambia mapema." Ana haki. Nilitaka aniambie pole, Mami, ona vile nilivyo.

Watu wa Gatongora hawataki kufungua milango. Wamesikia kwamba kazi hii iliua mtu, na sumu zao bado ziko chini ya vitanda, karibu na watoto. Bwana Mutua anasema nikisimama mbele yao huenda wakaleta, huenda wakanipiga mawe, yeye hajui.

Leo nimekuja kufagia ghala. Nyuma ya gunia nimekuta mkebe mmoja uliokupita. Una kutu, kifuniko kimeshikana, dawa ilitiririka ubavuni ikakauka, na buibui amejenga juu yake. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. Umenilea hivyo. Nikalia, nikakirudisha kwenye msumari wake. Nikavaa glavu, nikautia mkebe kwenye mfuko mzito na kuufunga.

Kesho nitasimama nao mbele ya watu wa Ruiru, wale wale niliosema tusiaibike mbele yao. Nitataja jina lako. Nitasema Mama Njoki wa Theta hakukaidi. Aliuliza. Katika baraza lile lote ni yeye peke yake aliyeuliza, na aliyekuwa na jibu mfukoni akamfanyia mzaha ili watu wacheke. Wakizomea, wazomee. Kisha nitausoma mstari wa tatu, mara tatu, polepole, hata wakipiga miayo.

Nakuahidi jambo moja. Nikiwa na kazi au bila kazi, nikiwa na kipaza sauti au na huu mdomo mtupu, hakuna atakayekuita mkaidi nami nasikia.

Kwaheri, Mami. Pumzika, usitazame barabarani kesho asubuhi. Kuna chombo kinatoka kwako kikiwa kichafu, na ni mimi nimekibeba.

Njoki wako