Kopi Niliyokudanganya Kwamba Nimetoa

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako siipati tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Mjukuu wako amezaliwa, msichana. Ana miezi miwili na bado hana jina. Mama amekataa tumpe jina hivi hivi. Anasema ulitaja majina ya wazee wetu wote kwenye kaseti, ukaeleza kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani, ili tukijaliwa mtoto tuchague tukijua. Nimemwambia redio ilikula mkanda. Baba, nimemdanganya.

Unakumbuka ulivyokaa pale Misungwi, blanketi mabegani, redio kaseti magotini, ukisema polepole kwa sababu ya kifua. Ulipomaliza ulichukua kisu ukavunja vile vimeno viwili vya juu ya kaseti, ili mtu asije akarekodi juu ya sauti yako. Ukanikabidhi niipeleke mjini, kwenye duka la kunakili kaseti. Duka lenyewe nalipita kila siku nikienda kazini. Kila siku nikasema kesho.

Jumamosi moja, hapa Buhongwa, ile redio mpya ya FM ilikuwa inasoma kadi za salamu, na mimi nilikuwa nimetuma yangu. Nilitaka wenzangu wa kazini wasikie jina langu likitajwa. Kaseti tupu ya kurekodia sikuwa nayo, nikachukua yako. Nikaziba kwa selotepu vile vitundu vilivyoachwa na vimeno, nikarekodi. Nilijua umezungumza upande mmoja tu, lakini kwa haraka sikuhakikisha ni upi.

Nilipokuja kusikiliza, pale ulipokuwa unamtaja babu yako, pana mtangazaji anamsalimia Magdalena wa Buhongwa.

Na ulikuwa bado hai. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ningekuja nikakwambia, ungegomba, halafu ungerudia. Badala yake uliponiuliza, "Mage, kopi umetoa?" nilijibu ndiyo. Ukatabasamu, ukasema, "Basi, hata nikiondoka sasa." Wiki mbili baadaye ukaondoka kweli.

Mama hakunilaumu. Alinifariji mimi, eti hizi redio za siku hizi hazina adabu. Sijawahi kuona aibu namna ile, Baba.

Jumapili nakwenda Misungwi na mtoto. Nitamwambia Mama ukweli kabla hata sijaketi. Kisha nitamwomba shangazi, dada yako, ayarekodi majina anayoyakumbuka. Anasema ni manne. Wewe ulitaja tisa.

Mwisho wa ule mkanda, salamu zinapokatika, umebaki kidogo. Unakohoa, halafu unasema, "Nimechoka. Mage, katoe kopi kwanza." Hakuna kingine.

Pumzika, Baba. Jana niliingia kwenye lile duka. Hayo maneno yako nimeyatolea kopi mbili, na vimeno nimevivunja mwenyewe.

Mwanao,
Mage