Mwalimu Asiyeupa Mlango Kisogo

Kindu, Alunguli,
tarehe 14 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Naomie,

Nakusalimu kutoka ng'ambo hii ya Lualaba. Je, u mzima? Baridi ya Ubelgiji imepungua? Na kifua chako? Sisi tunaamka salama. Mama yako mkubwa Bernadette anasumbuliwa na goti, lakini shamba la muhogo halijamshinda. Mvua ni nyingi, mto umejaa.

Barua yako ilifika. Unaniomba, mimi mkuu wa shule, nithibitishe kwamba mafunzo uliyotuletea kutoka huko yamefanikiwa, ili wenyeji wako wakutume tena kwetu mwezi wa Agosti.

Kuwakalisha watoto wanne wanne kumesaidia. Wa darasa la pili sasa wanasoma kwa sauti bila kusukumwa. Hilo ni lako, na silifichi.

Nakuja kwenye zoezi lako jingine, la mwalimu kukaa nyuma ya darasa la mwenzake, kisha kumwambia kasoro yake mbele ya wote. Mwalimu kijana Joël, ambaye ni mtu wa Lubutu na wakati wa vita alikuwa bado ananyonya, alikaa katika darasa la Mama Marie-Louise. Kikaoni akasimama, akamwuliza kwa nini haandiki ubaoni: "Mama, juu ya nini hauandikake ku tablo? Batoto njo banakuandikia kila siku. Ao chaki inachafua kitenge?"

Walimu vijana walicheka. Sisi wazee tulitazama sakafu. Wewe ukasema, "Merci, Joël. Njo vile tunajengana."

Joël hakujua. Wewe ulijua. Mwaka 2002 ulikuwa mwanafunzi wa Marie-Louise, benchi la pili. Alikuwa akiandika hesabu za kugawanya ubaoni wakati wenye bunduki walipoingia bila kishindo. Alipogeuka, Jérémie mwanangu, aliyekaa ubavuni pako, alikuwa amekwisha kutolewa nje, akabebe mizigo yao kuelekea Kampene. Hakurudi.

Tangu siku hiyo Marie-Louise hajaupa mlango kisogo. Husimama akiukabili, hutamka somo, na mtoto mmoja huandika. Watoto wake hufaulu. Wakaguzi walipouliza, niliwajibu kwamba ana maumivu ya bega. Nami, baba wa Jérémie, sikumwuliza hata mara moja kwa nini alichelewa kugeuka.

Pale kikaoni Marie-Louise alikuona unangoja jibu. Akasema, "Sawa. Kesho mutaona."

Kesho yake akaandika ubaoni, walimu tukiwa nyuma, nawe ukipiga picha. Hakufika mstari wa tatu. Upepo ukabamiza mlango. Alijitupa juu ya watoto wa benchi la mbele, akawafunika kwa kitenge chake, akilia, "Muache batoto! Munikamate miye!" Watoto walidhani ni mchezo, wakacheka. Joël hakucheka.

Ulipanda ndege Jumamosi. Marie-Louise hajakanyaga shuleni tena. Joël huenda kwake kila Jumapili baada ya misa. Mama anampa kiti na maji, hamsemeshi.

Nimeiona picha uliyotia katika barua: mgongo wake, chaki mkononi, na maneno yako chini, "Mwalimu wa zamani ajifunza upya." Umechagua ile ya kabla ya upepo. Iondoe popote ulipoiweka.

Ulipokuwa mtoto ulimwona Jérémie akishikwa mkono, ukanyamaza. Hakuna aliyekulaumu; ungefanya nini? Safari hii ulikuwa mtu mzima, tena wewe ndiwe uliyekuwa ukiongoza kikao, ukanyamaza vilevile. Nakulaumu.

Kwa hiyo sitathibitisha lolote. Mwezi wa Agosti njoo kama mtoto wa nyumbani. Kitanda chako kipo, na samaki wa Lokandu hawakosekani. Shuleni hutaingia mpaka Marie-Louise aingie kwanza. Nikifa kabla, nimekwisha kumwagiza Yvette, atakayeshika nafasi yangu.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana. Exaucé anakusalimu, naye ameota meno ya mbele. Yvette anakusalimu. Marie-Louise hakutuma salamu. Nilimwuliza mara mbili.

Mungu akulinde nyuma yako, usikoona.

Ni mimi nikupendaye bila kukubembeleza,
Baba yako mkubwa,
Jules