Robert wa Katikati

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Mzee Alasdair karudi kwenye hadithi za wafu wake. Mimi mtunzaji wake namwogesha, yeye ananihesabia: huyu kakatwa kichwa Edinburgh, yule kachomwa kisu na mjomba wake mezani. Ukoo mzima wa mabwana wa Kinlarroch, aliyefia kitandani mmoja — na huyo kwa sumu! Bado anataka azikwe nao, kanisani kwao Uskochi. Wadhamini wa kanisa wanataka nasaba kamili. Niliinakili mimi mwezi uliopita, mkono wake unatetemeka. Tukaipeleka posta.

Jumatano, 9 Oktoba
Wamejibu! Bibi Irene, mkaguzi wao, anakuja hapa Stanmore Jumatatu. Mzee kataka anyolewe leo leo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ile karatasi ya zamani niliyoinakili ilikuwa imeliwa na wadudu. John, Robert, John, tundu, John. Kwetu Unguja mtoto hupewa jina la babu yake, nani anauliza? Nikajaza Robert. Sikumwambia mtu. Leo nimepekua kitabu cha ukoo wao laibrari ya Harrow: John wa pili kanyongwa 1488, hakuacha mtoto. Hata wa kusingiziwa.
Basi Robert ni wangu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimemwambia mke wangu. Sundus kacheka mpaka kakaa chini. Yarabi, Muhsin! Miaka yote nataka mtoto wa kiume, wewe umewazalia Waskochi? Halafu kaacha kucheka. Kamwambie, mume wangu. Mtu na kaburi lake hachezewi.

Jumapili, 13 Oktoba
Nilianza. Mzee, yule Robert... Kanikatiza: huyo ndiye ampendaye kuliko wote. Anahisi pua yake ameirithi kwake.
Nikampa supu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Bibi Irene yupo sebuleni. Mpole, ana kalamu ya risasi — wapole ndio wa kuogopwa. Mimi jikoni, chai kisingizio, naandika nyuma ya ratiba ya dawa. Anashuka jina kwa jina. Kafika kwa Robert.
Huyu sijamwona popote, anasema. Alikufaje?
Vita vya Flodden, 1513, anajibu Mzee. Ubavuni mwa mfalme wake. Mshale wa shingoni.
Kautoa wapi mshale! Na sauti inamkatika, kama kafiwa juzi.
Bibi kashusha kalamu. Pole. Na ushahidi?
Muulize Muhsin. Huyo hasemi uongo.
Bibi ananiita. Jina langu kalitamka sawasawa, kama mtu wa kwetu. Nimeitika. Nakunja ratiba, nachukua chai, naingia.